Kope za Mama Yangu

Ndugu zangu, Bwana na apewe sifa asubuhi hii, maana nimesimama mbele yenu na sina tena ninachoficha. Mimi ni Ndahani, yule mnayemletea vidonda na macho yanayouma. Mama yangu ni yule aliyekaa benchi la mbele, mwenye shanga za buluu. Mtazameni macho yake. Ushuhuda wangu uko pale.

Nilikulia kwenye tembe, nyumba yetu ya udongo, upande wa Buigiri, pamoja na ndama na moshi. Mnayajua macho yetu sisi Wagogo: inzi, vumbi, moshi, kisha kope hugeuka zikaingia ndani na kukwaruza jicho kama mchanga. Dawa yetu ilikuwa kibano. Kila baada ya siku chache mama aliketi mlangoni penye mwanga, akaweka kichwa chake juu ya magoti yangu, nami nikamng'oa kope moja moja. Alikuwa akisema mikono yangu haina uzito. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa jambo lingine.

Kisha akaja daktari wa misheni, mzungu mrefu, mwenye Kigogo cha kuchekesha. Watu walimwita Bwana Pole, kwa sababu hakumgusa mgonjwa kabla ya kusema pole, hata mtoto mchanga, hata mtu aliyezimia. Miaka yake yote aliitoa kwa kukata na kushona watu wetu, lakini furaha yake hasa ilikuwa kufundisha. Alituchukua vijana watatu kwenye nyumba yake ya wagonjwa. Kwanza alitufunga macho kwa kitambaa kutwa nzima, tukaongozwa huku na huku na wagonjwa vipofu, nao wakitucheka. Halafu akatuletea vichwa vya mbuzi kutoka kwa mchinjaji wa mjini, tukajifunza kukata na kushona ngozi ya juu ya jicho. Wanawake kisimani walimwambia mama kuwa mwanawe anawashonea nguo mbuzi waliokufa. Mama akawajibu kuwa akimaliza mbuzi atawafikia wao.

Sheria moja Bwana Pole aliirudia kila siku: mgonjwa anayesubiri kukatwa asing'olewe kope. Ziachwe ziote, hata kama zinauma, ili mkataji aone zimegeuka kiasi gani, apime ngozi ya kuondoa.

Mwaka ule reli ya Wajerumani ilikuwa inakaribia Ihumwa. Mawe yakawaangukia vibarua, Bwana Pole akaitwa huko. Siku hiyohiyo mama akafika kwa miguu, ameshika bega la shangazi yangu, machozi yanamtiririka. Ndugu zangu, nilifanya nini? Nilichukua kibano. Nilimlaza kichwa magotini kama zamani, nikazing'oa kope zote. Akapumua. Akaniuliza kama naweza kumkata mimi mwenyewe, awahi kupanda mtama kabla ya mvua. Wenzangu walinisihi nimngoje mwalimu. Nikawaambia mikono yangu haina uzito.

Nilimkata jicho la kulia kwa kukisia, kwa kuwa hapakuwa na kope ya kupimia, na ngozi niliyoiondoa ilikuwa pana mno. Bandeji ilipofunguliwa, jicho halikufumba. Mama alikuwa akilala huku jicho moja linatazama dari. Na jicho lisilofumba hukauka, na likikauka hufa.

Bwana Pole aliporudi alilitazama jicho lile, akasema pole, kisha akaikagua mishono. Vijijini zikaenea habari kwamba mzungu anaiba usingizi wa watu. Wagonjwa wakapungua. Mwishowe akida wa serikali akaja na askari wawili kuuliza ni nani aliyemharibu mwanamke huyu. Mama hakunitaja. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Bwana Pole akamaliza kunawa, akasema, “Kazi ya nyumba hii ni kazi yangu. Andika jina langu.”

Akida akaandika, akasema wakubwa wa boma wataamua kama nyumba ifungwe. Nami niliyeijua kweli nikatoka kwenda kumwaga maji ya beseni.

Majuma yakapita. Kila adhuhuri mwalimu wangu alilipaka jicho la mama mafuta, akalifunika, akasema pole. Neno lile lilinichoma kuliko moto. Nilisali, sala ikarudi kinywani kama chakula kibichi. Ndugu zangu, mtu aweza kuwa mchana kweupe na bado yuko gizani.

Alasiri moja nilimkuta anafuta visu. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: kibano, kiburi, ukimya wangu mbele ya akida. Hakuacha kufuta.

“Nilijua tangu niliporudi,” akasema. “Mishono ile ni yako. Nimeifundisha mimi.”

“Mbona hukusema, Bwana?”

“Nilikuwa nangoja kope za mama yako ziote. Na wewe pia nilikungoja.”

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa akida, nikasema kweli kwa kinywa changu, na jina la mwalimu wangu likafutwa. Nilichapwa viboko, sifichi. Nilipolala kifudifudi, Bwana Pole aliniosha mgongo akisema pole, na kwa mara ya kwanza neno lile halikuniuma. Hapo ndipo Bwana Mungu aliponifungua. Nililia kama mtoto, na mzigo wote ukanitoka.

Baadaye alinieleza kwamba jicho linaweza kuponywa kwa kipande cha ngozi kutoka nyuma ya sikio. Nilidhani atakata yeye. Akanipa kisu mimi, akasimama karibu. Mama aliyasikia yote, akasema tuchukue sikio la kushoto, maana la kulia ndilo analosikilizia masengenyo. Kisha akanishika mkono.

“Safari hii umepima?”

“Nimepima, mama.”

“Basi kata.”

Siku ya kufungua bandeji, jua la mchana lilikuwa kali. Mama aliegemea ukuta kivulini, na kabla sijamuuliza chochote akasinzia. Macho yote mawili yalifumba. Mimi na mwalimu wangu tukaketi chini pale pale mpaka alipoamka.

Bwana Pole tumemzika, nanyi mlikuwapo. Sasa vichwa vya mbuzi nawaletea vijana mimi, na sheria ni ileile. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Na wewe ndugu yangu unayeketi hapo na jambo lako, mwendee Bwana na maumivu yako kama yalivyo. Usijing'oe chochote kwanza ili uonekane mzima. Yeye hupima, na mkono wake haukosei.

Nimemaliza. Naona mama amesinzia pale mbele. Msimwamshe, ndugu zangu. Mtazameni tu.