Mibuni ya Placida Kokubanza

Historia hii ilisimuliwa kwanza na Mama Anatolia, dada mkubwa wa marehemu, tarehe 2 Juni 2019, nami Cleophace, mtoto wa kaka yao, niliiandika, nikailinganisha na vyeti na kuongeza yaliyotokea baadaye.

Placida Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Kimuli, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, na tarehe 3 Januari 1985 akaajiriwa kutunza mibuni ya majaribio katika kituo cha utafiti, akastaafu mwaka 2023. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Kashaija wa hapa Chonyonyo, wakajaliwa mtoto mmoja, Ainebyona.

Kazini alijifunza kwamba aina za mibuni zilizo ndugu hubeba vinasaba karibu vilevile, ila kinasaba kilekile huamka mapema katika jani la huyu na huchelewa katika jani la yule, naye akataka kujua ni yupi aliyebadilika, jambo lisilojulikana kwa kulinganisha ndugu wawili bila wa tatu wa kuwapimia. Mwaka 2004 alipanda nyuma ya jiko robusta, kahawa yetu ya kawaida, na aina mbili za porini, akaifunga mibuni hiyo vitambaa vyekundu, akachuma majani kila mwezi kwa miaka kumi na miwili.

Tarehe 21 Septemba 2016 Kashaija alifariki, majirani wakaja kusafisha uwanja kwa desturi yetu, wakafyeka aina ya tatu yote kwa kuwa haikuwa na kahawa ya kuvuna, Restuta, dada yake Kashaija, akitania kwamba wifi yake huvalisha hata magugu. Placida alikuwa ndani na mwili wa mumewe, na watu waliokuja kukuzikia mume huwezi kuwagombeza, basi baadaye akarudi msituni mara tatu kutafuta mbegu, mara mbili hazikuota, mara ya tatu ukaota mbuni mmoja, akaufunga kitambaa, ila jibu hakulipata.

Aliugua figo tangu Mei 2024, akafariki tarehe 11 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari, wafanyakazi wenzake, na majirani mliosafisha uwanja jana, ingawa ilibidi niwaombe mara nne msipeleke panga nyuma ya jiko.

Kashaija ametangulia. Anatolia, Ainebyona na Restuta wako hai, na mbuni wa aina ya tatu, mmoja tu, uko hai, nimeutazama asubuhi hii.

Shangazi, pumzika kwa amani, kitambaa cha mbuni wako hakijafunguliwa.