Jaji Tollefson na Kanuni Isiyokuwepo

Jumatatu tarehe 30 Juni, Jaji Marlys Tollefson anastaafu baada ya kukalia kiti cha Mahakama ya Shirikisho hapa Kettle Bend kwa miaka ishirini na sita. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa karani wa chumba chake cha mahakama. Kamati ya Majaji na Mawakili imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu wao wenyewe walitegeana. Wakili akimsifu jaji, hata jaji anayeondoka, mwenzake humtazama kwa jicho la pembeni.

Jaji alizaliwa shambani, kwa wakulima wa viazisukari, na mpaka leo anaweza kukuambia kama mvua itanyesha kabla redio haijasema. Alisomea sheria, akarudi nyumbani, akafungua ofisi ya uwakili juu ya duka la misumari na rangi pamoja na Duane Kvale. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kila majira ya baridi wawili hao na wenzi wao walivuta kibanda hadi katikati ya ziwa lililoganda, wakatoboa barafu na kuvua. Duane aliapa kwamba Marlys hajawahi kuvua samaki anayezidi kiganja, na kwamba hata hao wadogo walijileta wenyewe kwa huruma.

Kisha Rais akamteua kuwa jaji. Ofisini walikata keki, wakapiga picha, na wiki iliyofuata akavuka barabara kuingia jengo la mahakama. Barabara yenyewe si pana. Kutoka dirisha lake unaiona taa ya ofisi ya Duane. Mwanzoni kesi zote za Duane zilipelekwa kwa jaji wa mji mwingine, kama inavyostahili. Muda ulipopita wa kutosha, zikaanza kuja kwa Marlys, na tangu siku hiyo Duane akaacha kumwalika ziwani. Hakuna aliyemkataza. Aliona tu watu watasema.

Na watu wa hapa husema. Wakili mmoja aliwahi kumpa Jaji lifti wakati wa dhoruba ya theluji, na kabla theluji haijayeyuka, upande wa pili ulikuwa umeomba kesi yake ihamishwe. Ukiumwa na nyoka, ukiona ung'ongo unashtuka. Mawakili wote wakajifunza kumsalimia Jaji kwa kichwa tu, wakiwa mbali. Yeye akawa anakula mkate wake wa nyama ofisini, mlango ukiwa wazi nusu. Nilidhani mwanzoni anapenda utulivu. Baadaye nikagundua kwamba mlango ule aliuacha wazi akisubiri mtu apite.

Lakini nisije nikaandika kama vile alikaa akijihurumia. Upweke wake aliupa kazi ya kufanya. Aliona mahakama ina kasoro ambazo jaji hawezi kuziona akiwa juu, na wakili hawezi kuzisema akiwa chini. Ndipo akaanzisha kamati hii: majaji, waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi na wa madai, meza moja, ili waitengeneze mahakama yao pamoja.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha aibu. Jaji aliuliza kuna malalamiko gani. Renata Pfeifer, mwendesha mashtaka ambaye haogopi hata majambazi, alisifia kahawa. Mwingine akasifia viti. Jaji akaweka kalamu mezani, akasema, "Jamani, mimi naenda kufuata maziwa ya kahawa. Nikirudi nataka mmoja wenu aseme ya wote, na sitauliza lipi ni la nani." Maziwa yalikuwa mezani. Alikaa koridoni na mimi mpaka tuliposikia wanapigiana kelele, akatabasamu.

Aliporudi, Duane ndiye aliyesimama.

"Mheshimiwa, unatukatiza kauli."

"Nani kasema?"

"Sote."

"Sote akina nani?"

"Sote sote, Mheshimiwa. Na hapa umenikatiza tena."

Wakacheka mpaka Renata akamwaga kahawa aliyokuwa ameisifia. Jaji hakucheka sana, ila kuanzia wiki ile alianza kuhesabu mpaka tano kimyakimya kabla ya kumjibu wakili. Mkimwona anatikisa kidole gumba chini ya meza, ndiyo hiyo hesabu.

Meza ile imezaa mengi. Kesi za asubuhi zilisogezwa mbele hadi karibu na mchana, ili watu wa mashambani na wa maeneo ya wenyeji wa asili wasilazimike kulala njiani kwenye baridi. Wafungwa wanaoandika madai yao kwa mkono, bila wakili, leo wana mawakili wa kujitolea, na kila jaji mpya hufundishwa namna ya kuwaomba mawakili hao bila kuwashurutisha. Mahakama kadhaa zimekuja kuiga. Jaji akipongezwa husema ni kazi ya kamati. Ni kweli, lakini jungu lake yeye ndiye aliyeliteleka.

Majira ya baridi ya mwaka wake wa kumi na tano wa ujaji, mumewe Orrin alifariki ghafla. Nilikwenda nyumbani kwake siku ya pili, kwa kuwa mimi ni karani tu na hakuna anayeogopa kwamba nitapendelewa. Nilikuta shada kubwa la maua, zuri sana, lenye kadi iliyoandikwa "Kutoka kwa Mawakili wa Wilaya." Hapakuwa na jina hata moja. Walikuwa wameliagiza kupitia chama chao, wakakubaliana asiende mtu, ili asionekane mmoja anajipendekeza msibani. Jaji alikuwa amepika kahawa birika zima na kupanga vikombe. Nikanywa kikombe kimoja. Vingine alivirudisha kabatini vikiwa safi.

Nilipotoka, nilikuta gari la Duane ng'ambo ya barabara, injini inaunguruma. Alishusha kioo. Macho yalikuwa mekundu.

"Yukoje?"

"Ingia umwone."

"Nina kesi mbele yake Jumanne," akasema, na akapandisha kioo.

Kikao kilichofuata, Jaji alisubiri mpaka ajenda ya mwisho, ya mengineyo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kusoma ratiba, "Nimepekua kanuni za maadili tangu mwanzo hadi mwisho. Zinakataza tusiongee kesi upande mmoja ukiwa haupo. Sikuona inayokataza mtu kumpa mwenzake pole. Kama kuna aliyeiona, anisomee."

Wanasheria ishirini, wenye shahada za kutosha kuezekea paa, hakuna aliyeweza kuisoma. Duane aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. "Haipo, Marlys," akasema. Lilikuwa jina lake, na hatukuwa tumelisikia humo ndani kabla ya siku hiyo.

Toka hapo tuna supu ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi, pande zote zikialikwa. Anayetaja kesi anaosha vyombo, na Renata ameosha sana. Ni jambo jema. Lakini mazoea yana taabu: mpaka mwezi uliopita kiti kilicho karibu na Jaji ndicho kilichokaliwa mwisho. Duane aliahidi kwamba akistaafu tu Jaji, watarudi ziwani. Mapafu yalimkatalia baridi yetu, akahamia kwa bintiye Arizona, ambako barafu ni ya kwenye glasi.

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia kufungasha vitabu. Alisimama dirishani, kisha akaniuliza, kwa haya ambayo sijawahi kuiona kwake, "Hivi siku hizi mtu akitaka watu waje kula kwake, anafanyaje? Anapiga simu tu?"

Nikamwambia ndiyo, Mheshimiwa, anapiga simu tu.

Akatikisa kidole gumba. Halafu akauliza, "Nimpigie nani?"

Jaji Tollefson, asante kwa mahakama uliyotuachia ikiwa nzuri kuliko ulivyoikuta. Tunakutakia maisha mema, yenye kelele na vyombo vingi vya kuosha. Na ninyi mawakili mnaosoma haya: kuanzia Jumanne hana kesi ya mtu yeyote. Namba zenu zote nimempa. Simu ikilia, pokeeni.