Mnyonyadamu wa Mchana

Mwaka wa pili wa uasi, ndani ya kamioneti tuliyopanda kwenda Kiringye, mwalimu mwenye tai alimtambua Mama Émérance, aliyegeuza riwaya ya mnyonyadamu kuwa filamu. “Mama, mu kitabu jua inamuua. Weye unamutembeza saa sita ya muchana!”

“Mwalimu, na hii vita, nani atatoka usiku na kamera? Damu ilikuwa mawese. Kule Kasenga tulipoionyesha, watu walijaa mupaka mu madirisha, wakapiga makofi!”

“Lakini nani ataamini mnyonyadamu wa muchana?” Alishaufungua ukurasa wa riwaya hiyo mkononi mwake, kama hakimu.

Kamioneti ikasimama kizuizini, jua likiwa utosini. Askari wanne wakamchukua mbuzi wa abiria aliyeketi kando yangu, wakicheka. Mwalimu akafunga kitabu.

“Mwalimu,” Mama Émérance akauliza, uso ukimng'aa, “iko saa ngapi?”