Kadi Namba 30031

Benchi la kahawa la Odeta lilikuwa nyuma ya stendi ya Nyegezi, na kilichowakusanya wateja wake ni kukosa pa kwenda. Mwalimu Kigawanyo alipunguzwa shuleni, Luhende Gia alipunguzwa kiwandani akageuka mpiga debe, Josephat Mitumba alikuwa na robota la nguo lisilonunulika. Machibya peke yake ndiye aliyebaki kazini, fundi wa pantoni kule Busisi. Kwa hiyo ndiye aliyewanunulia wenzake, na anayenunua husikilizwa.

Asubuhi ile alileta kadi ya hospitali ya mkewe, Winnie. Miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna, na mama yake Machibya alikwisha kusema wiki hii haiishi Winnie yumo nyumbani mwake. Mwandiko wa daktari haukusomeka. Namba ilisomeka: 30031.

Mwalimu akachukua kipande cha mkaa jikoni kwa Odeta, akaanza kugawanya juu ya benchi. Shufwa siyo, ni witiri. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu: kila mara ilibaki moja. Hapo akachoka, akanywa funda.

— Basi. Hii ni namba tasa.

— Tasa? Machibya akauliza.

— Tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

— Na kuzaa ni nini, akadaka Luhende, kama si mtu kugawanyika?

Josephat akaonyesha sifuri mbili zilizokaa katikati, akasema ndilo tumbo lenyewe, tupu mara mbili. Luhende akasema siku hizi ni soko huria, namba nzuri zinachukuliwa na wenye pesa, maskini anabakiziwa tasa.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, Josephat akahitimisha. Oa mwingine.

Wakacheka. Machibya hakucheka.

Odeta alifika kidato cha nne, na alijua kwamba kumi na tatu si mahali pa kuishia.

— Tasa ya darasani ni jina tu, shemeji, alisema. Tena mwalimu hajamaliza.

— Mama Dorotea, mwalimu akamkata Odeta, wewe mimina kahawa.

Hakuna mahali pengine walipomwita mwalimu tena. Odeta alilijua hilo pia. Akamimina.

Winnie akatokea na sanduku kichwani. Mama mkwe hakungoja hesabu.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba, mwanangu. Akazifunika hesabu za mkaa kwa kiganja.

— Wanasema namba yako ni tasa, alisema Machibya akitazama kikombe.

Winnie akanyoosha mkono, akachukua kadi yake.

— Daktari ameandika hapa nirudi na mume. Mara ya tatu hii. Kadi yako wewe, mume wangu, ni namba ngapi?

Josephat akakohoa. Luhende akaanza kuita abiria wa basi ambalo halijafika. Winnie alingoja kiasi cha mtu kumaliza kikombe, kisha akaenda kupanda gari la Usagara, kwao.

Mwalimu aliendelea kuandika, ameinama. Gari lilikwisha kukata kona aliponyanyua kichwa.

— Hamsini na tisa inaingia, alisema polepole. Mara mia tano na tisa. Haibaki kitu.

Machibya akasogeza kikombe chake kuomba kingine.

— Imekwisha, alisema Odeta, na birika mkononi mwake lilikuwa bado zito.