Mikanda Ilipita Wapi?

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa karibu, maana mimi Bartholomayo siwezi kutoa ya moyoni kwa watu waliosimama mlangoni kama wanaosubiri mnada wa korosho. Anjelina, niinulie mto. Mama Erasto, kaa hapa kwenye mkono wangu. Na wewe Fakihi, jirani na mtani wangu, ingia, usijifanye mgeni. Haya ninayotaka kusema nusu yake ni yako. Erasto, mwanangu wa kwanza, najua umetoka shambani sasa hivi na shati lako ni njano kwa dawa ya salfa ya mikorosho, lakini usiende kuoga. Keti hivyo hivyo ulivyo.

Daktari amesema moyo umechoka, nami sina ugomvi nao, umenibeba miaka sabini na tisa. Naondoka nikiwa na furaha, na neno hilo mlishike, kwa sababu kuna wakati nilikuwa mzima wa mwili, natembea kutoka hapa Mkunya mpaka Kitangari bila kupumzika, na furaha sikuijua hata kwa harufu.

Mali ni maneno mafupi. Nyumba hii ni ya mama yenu, na ndugu yeyote atakayekuja kupima vyumba kwa macho mpeni chai, kisha mwonyesheni njia. Mikorosho ya upande wa Kitangari ni ya Anjelina, ya nyuma ya nyumba ni ya Erasto. Ile mitatu ya mpakani, niliyogombania na Fakihi miaka kumi na tisa mpaka tukachosha baraza zima la kata, ni ya Fakihi. Ilikuwa yake tangu mwanzo, na nilijua. Cheka tu, Fakihi, lakini usiutikise mguu wa kitanda, bado sijamaliza.

Sasa wosia wenyewe. Mnaukumbuka msimu ule ugonjwa wa ubwiri ulipokula maua ya mikorosho yetu yote, watu wakasema Mwalimu Bartholomayo kalogwa, na aliyemloga ni Fakihi kwa sababu ya mpaka? Haukuwa uchawi. Ni kwamba sikupuliza salfa. Kila alfajiri niliondoka na mashine ya kupulizia mgongoni, nikifika shambani naitua, nakaa chini, basi. Usingizi ulinihama, chakula kikawa mchanga mdomoni, na kifuani kulikuwa na mzigo nisioweza kuutua. Siku moja nikajikuta naliangalia tawi la mkorosho kwa jicho ambalo si la mkulima. Mnanielewa. Jua likipanda nilikuwa nachota salfa kwa kiganja, najipaka kifuani, mabegani, kichwani, narudi nyumbani njano kama mwanamume aliyechapa kazi, nanyi mnanipokea kwa heshima zote: pole na kazi, baba.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu miaka ishirini nilikuwa mwalimu na mlezi wa wavulana katika jando la kanisa, na wote, Erasto ukiwemo, niliwafundisha kwa mdomo huu huu kwamba machozi ya mwanamume huangukia tumboni. Mlipoumia mkauma meno, niliwasifu. Leo nayafuta maneno yale mbele ya mama yenu: nilikosea, mnisamehe. Yakiangukia tumboni huozea humo humo.

Aliyenigundua ni huyu aliyenishika mkono. Alikuwa anafua shati langu, akalinyanyua juu ya beseni, akalitazama, akaniuliza, "Baba Erasto, mikanda ilipita wapi?" Maana aliyebeba mashine kweli, mikanda yake humkinga mabegani, shati likabaki na mistari miwili safi, langu lilikuwa njano tupu, bega kwa bega. Mwalimu mzima, nimesahau mikanda! Nikamfokea, nikamwambia afue yake aniachie yangu. Kesho yake akaibeba mashine mwenyewe, akapuliza miti mbele ya macho yangu, nami nikakaa chini nikalia mpaka kamasi. Hakunicheka. Alimaliza mstari wake, akaja akakaa pembeni, akasema, "Ukimaliza kulia, kuna muhogo wa kuchemsha." Wanangu, nimesikia mahubiri ya maaskofu, lakini hayakufika pale muhogo ule ulipofika.

Yeye ndiye aliyenituma hospitali. Newala ni karibu, lakini ukikohoa Newala, huku Mkunya wanakupa pole, basi nikaenda Masasi, nikawaaga kwamba nafuata plagi ya mashine. Nikafika kliniki ya afya ya akili, nikajibanza mwisho wa benchi, na ni nani yuko pembeni yangu, kavuta kofia mpaka puani? Fakihi!

Nikamwambia, "Nimekuja kumwona mgonjwa." Akajibu, "Hata mimi." Nikauliza, "Mgonjwa wako anaendeleaje?" Akasema, "Halali, Mwalimu. Tangu afiwe na mkewe halali." Nikasema, "Wangu pia halali." Basi tukazungumza habari za wagonjwa wetu mpaka nesi akaita majina, na wagonjwa wenyewe wakasimama.

Tabibu alikuwa binti wa umri wa Anjelina. Akaniamkia shikamoo, nikaitika, kisha akauliza, "Babu, unalalaje?" Miaka yote watu walikuwa wameniuliza habari za shamba na za watoto, ninalalaje, hakuna. Alinipa vidonge, akanipa na masikio. Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini kuna asubuhi nilisikia harufu ya mabibo yaliyoiva shambani kwa Fakihi, nikasimama njiani nikacheka peke yangu, na nilivyocheka siku ile sijawahi kuwaeleza.

Miaka miwili tulikwenda pamoja, Jumanne moja kila mwezi, na watu wakasema wazee wale wanafuatilia kesi ya mpaka. Anjelina, ukifungua sanduku langu la bati utakuta plagi ishirini na nne, hazijaguswa. Kila safari nilinunua moja kuulinda uongo. Gawaneni, ndio urithi wangu wa aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliponea kwa mwanamke anayejua kufua.

Nipeni maji kidogo. Ahsante.

Erasto. Simama, baba. Geuka huku kwenye mwanga, mama yako akuone mabega. Njano tupu... Wiki ya tatu hii nakutazama kutoka kitandani. Mikanda ilipita wapi, mwanangu?

Usinijibu. Usiume meno. Ndiyo, hivyo hivyo. Lia kwa sauti, mlango ni wazi, na wanaopita wasikie: ni mtoto wa Bartholomayo, baba yake kamfundisha upya. Fakihi, mshike bega. Wewe unayajua haya.

Pumzi inapungua, sikilizeni ya mwisho. Mashine ni ya Erasto, lakini msimu huu ataibeba Anjelina. Jumanne hii Erasto atakwenda Masasi na Fakihi, akae dirishani kwenye basi, pale nilipokuwa nakaa mimi. Kondakta akikuuliza unakwenda wapi, usitaje plagi. Sema kliniki. Sema kwa sauti.

Leo Jumamosi. Nikifa kesho, au Jumatatu... msinizike Jumanne. Fakihi ataguna, kwao Waislamu maiti hacheleweshwi. Mwambieni mimi Mwanglikana, nina subira. Jumanne mwanangu ana safari. Nizikeni Jumatano... akiwa amerudi.

Mungu awape usingizi, wanangu. Awape... wa kuwauliza mnalalaje. Nimewaridhia, wote, mkae mkicheka.

Mama Erasto... mwache amalize kulia. Halafu... muhogo upo?