Marehemu Anamuaga Mama Jalada

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni yetu ya uchapishaji, ndugu wahariri, wachapaji na wauza vitabu, shemeji zetu mliokuja kuhakikisha kwamba kweli leo mama anarudi nyumbani, na wewe mwenyewe Mama Jalada, mstaafu wetu: nawasalimu nyote.

Maneno yaliyo nyuma ya vitabu vyetu, yale yanayomshawishi mtu dukani afungue pochi, ameyaandika mama huyu. Ni nani humu ndani hajawahi kuyacheka? Ni yeye aliyemwahidi msomaji wa kitabu cha biashara ndogondogo kwamba "kitakufukarisha", alipotaka kuandika "kitakufurahisha". Ni yeye aliyetaka kusema "usikikose", akaandika "usikikosoe", na wahakiki wakatii, wakanyamaza kimya.

Lakini yangu yalitia fora. Kwenye riwaya yangu ya kwanza alikusudia kuniita mwandishi mahiri. Jalada likatoka na "mwandishi marehemu".

Nilipoliona, damu ilinichemka. Nikawa navaa viatu niende ofisini kwake tukagombane. Kabla sijamaliza kufunga kamba, nikasikia hodi.

Alikuwa kaka yangu mkubwa. Ndugu zangu, tulikuwa hatusemezani tangu mazishi ya mama yetu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Macho yalikuwa yamemvimba, na kitabu changu kiko mkononi. Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye kamba za viatu.

"Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

Akakigeuza kitabu, akanionyesha kwa kidole. Nikamwambia wamekosea tu, mimi mzima. Akakaa pale pale kizingitini, akalia kama mtoto, halafu akaanza kunigombeza kwa nini niko hai na sikumwambia. Mke wangu alipotoka jikoni alitukuta tumekumbatiana, asijue atupe pole au hongera.

Kesho yake akaja Mama Jalada, hata kiti hakutaka.

"Baba, nimekuua. Naacha kazi."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, lakini kaka alinitangulia. "Mama, ukiacha wewe, nani atatupatanisha tena?"

Basi akaketi. Tulishinda mezani watu watatu, tukibandika vikaratasi vya "mahiri" juu ya "marehemu" kwenye nakala ambazo hazijauzwa. Kaka alivibandika upande, Mama Jalada akavibandua, akamwambia avinyooshe vizuri, na nyumba yangu ikajaa kicheko ambacho ilikuwa imekikosa kwa muda mrefu.

Mama, wenzangu watakusifia kwa vitabu ulivyoviuza. Mimi nakushukuru kwa ndugu uliyenirudishia. Yule pale, safu ya pili, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Riwaya yangu hajaisoma mpaka leo. Nikimuuliza, hunijibu, "Ya nini? Nilichokihitaji kilikuwa nyuma."

Nenda kapumzike, mama yetu. Nanyi nyote mliokubali kumsikiliza marehemu mpaka mwisho, asanteni sana.