Bi Funguo na Sekunde Kumi za Kimya

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kwa miaka sita sasa, kila Jumamosi, kipindi hiki kimekuwa kikiwasomea swali moja kuhusu muziki wa roki wa zamani. Vidokezo vitatu, jibu moja. Mmepiga simu, mmebishana, mmekosea kwa kujiamini kabisa. Na kila mara tumemalizia kwa maneno yale yale: swali hili limetungwa na Bi Funguo.

Bi Funguo amefariki dunia. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Leo hatuna swali. Leo tuna maisha yake.

Wengi mlidhani hilo ni jina la kubuni. Wengine mliandika barua mkimwita "Bwana Funguo". Basi jueni kwamba alikuwa mwanamke, na kwamba alikuwa fundi wa funguo. Duka lake halikuzidi upana wa milango miwili. Upande wa kushoto palikuwa na mashine ya kuchongea funguo, jiliwa ya kubania vyuma, na tupa zilizopangwa kuanzia nene hadi nyembamba kama kalamu. Upande wa kulia palikuwa na mashine ya santuri, spika mbili, na sahani za santuri zilizosimamishwa wima ndani ya kreti za soda. Binti yake, ambaye ni mpima ardhi, anasema: "Mteja alikuwa anakuja na kufuli bovu, anaondoka na jina la mpiga gitaa. Hata kama hakuuliza."

Yalianzaje? Yalianza akiwa na miaka kumi na tisa, bado anajifunza kazi kwa baba yake. Siku hiyo waliitwa kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Palikuwa na kabati moja ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Baba akahangaika nalo hadi shati likalowa. Akatoka nje kunywa maji. Aliporudi, kabati lilikuwa wazi, na binti amekaa sakafuni na waya mwembamba mkononi.

Ndani ya kabati mlikuwa na sahani thelathini na moja za santuri. Unyevu ulikuwa umeyala majalada yote. Hata zile karatasi za katikati, zinazoandikwa jina la bendi na nyimbo, zilikuwa zimebanduka zikageuka unga.

"Beba hayo matakataka," meneja wa hoteli alimwambia. "Umenipunguzia kazi."

Alibeba. Hebu fikirini, wasikilizaji wapendwa. Sahani thelathini na moja, na hakuna hata moja yenye jina. Akiweka sindano, gitaa linalia, ngoma zinaanguka, mtu anaimba kana kwamba nyumba yake inaungua. Ni nani huyo? Hakuna wa kumwambia. Sisi wengine hucheza michezo ya kukisia ili kupitisha muda. Yeye alikisia kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Ilimchukua miaka kumi na mmoja kuzitambua zote thelathini na moja. Aliuliza wateja. Aliuliza wapiga muziki wa kumbi za harusi. Aliandikia maduka ya santuri ya miji ambayo hakuwahi kufika, akieleza kwa maneno: "Wimbo wa tatu, mpiga ngoma anakosea kidogo kisha anacheka." Majibu mengine yalikuja baada ya mwaka. Mengine hayakuja kabisa.

Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, alimpata kwa njia hiyo hiyo. Alikuja kuchongesha ufunguo wa lango, akasikia wimbo, akasimama.

"Dada, huyo anayeimba namjua."

"Wote wanaoingia hapa wanamjua," alijibu bila kuinua kichwa. "Sema jina."

Akasema jina. Wiki iliyofuata akarudi. "Nilikosea." Akataja jina jingine. Wiki iliyofuata akarudi tena. "Na lile nalo nilikosea." Alikosea mara tatu. Mara ya nne akaposa. Bi Funguo alimweleza binti yake baadaye: "Mtu anayefunga safari kuja kukwambia amekosea, huyo usimwache apite."

Waliishi pamoja miaka kumi na tisa, kisha mume akafariki. Duka likawa kimya. Mashine ya santuri ikafunikwa kitambaa. Aliyekifunua kitambaa hicho alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwalimu wa hisabati, mtu mrefu mwenye maneno mafupi. Aliingia Jumamosi moja saa nne asubuhi, akavuta stuli, akasema: "Shemeji, albamu moja. Jalada lake halina jina la bendi wala picha ya mtu. Mpiga besi ndiye aliyeimba wimbo wa mwisho. Nani hao?"

Bi Funguo alijibu kabla hajamaliza kulia.

Jumamosi iliyofuata akaja muuguzi wa kliniki ya masikio, jirani wa mtaa wa pili. Kisha wengine. Wakaweka kanuni. Kila swali lina vidokezo vitatu, kuanzia kigumu hadi chepesi. Palikuwa pia na mzunguko wa sekunde kumi: unapigiwa santuri kwa sekunde kumi tu, useme ni albamu gani. Na palikuwa na kiti. Kiti cha mbao, chenye mkono mmoja. Hicho ni cha mwenye kutunga maswali makuu. Unakikalia mpaka siku utakayouliza swali lenye kosa. Ukikosea tarehe, ukikosea mpigaji, ukikosea hata idadi ya nyimbo, unainuka.

Bi Funguo alikaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na miwili. Nasema tena: miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi, bila kosa.

"Jumamosi hii unainuka," shemeji alikuwa akimwambia.

"Utangoja sana, Mwalimu. Utaota mvi kwenye nyusi."

"Nimeshaota."

"Basi bado za masikioni."

Sasa tuje kwenye masikio. Mashine ya kuchongea funguo hupiga kelele kali, nyembamba, ya chuma kwa chuma. Aliisimamia miaka arobaini na miwili bila kuziba masikio. Akiwa na miaka sitini na mmoja alianza kupoteza sauti za juu. Matoazi ndiyo yaliyotangulia. Kisha maneno ya waimbaji. Kisha sauti za wateja walioongea wakimpa kisogo. Waliomwelekea, alianza kuwasoma midomo.

Muuguzi alimpima faraghani. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa njiani.

"Wenzetu lazima wajue," muuguzi alimwambia.

"Wakijua wataanza kunihurumia. Mwalimu ataanza kunichagulia vyepesi. Nitabaki kwenye kiti kama picha ya ukutani." Akamshika mkono. "Nakuomba, mdogo wangu. Ninyamazie."

Muuguzi akanyamaza. Na Bi Funguo akafanya jambo ambalo huenda ni fundi wa funguo tu angelifikiria. Aliichukua ile lenzi aliyozoea kuchungulia nayo ndani ya makufuli, akasimama dirishani, akainamisha sahani ya santuri kwenye mwanga.

Ukitazama santuri kwa karibu, wasikilizaji wapendwa, utaona vifereji. Penye sauti ya chini, vifereji hutulia na sahani hung'aa kama maji. Penye kelele, hutanuka na kukwaruzana, na rangi hugeuka kijivu. Mtu aliyetumia maisha yake kusoma meno ya ufunguo kwa jicho aliona humo mengi. Aliona ngoma zikiingia. Aliona gitaa likibaki peke yake. Alikaa mwaka mzima akijifunza upya, kwa macho, albamu alizokuwa akizijua kwa masikio.

Ulipofika mzunguko wa sekunde kumi, aliketi karibu kabisa na mashine, akaomba taa isogezwe, akasema macho yanamsumbua. Alitazama sahani wakati inawekwa, na akaendelea kujibu. Hakuna aliyeshuku. Miaka miwili hakuna aliyeshuku.

Mpaka Jumamosi moja. Ilikuwa zamu ya shemeji kupiga santuri. Alikuwa ameifunika ile karatasi ya katikati, kama kanuni ilivyotaka. Akaweka sahani, akashusha sindano, akaangalia saa yake. Sekunde kumi zikapita. Bi Funguo akatikisa kichwa kufuata mdundo, akatabasamu, akataja bendi, akataja albamu, akataja upande wa pili, wimbo wa kwanza.

Chumba kizima kilikuwa kimemkodolea macho.

Shemeji aliinama, akainua waya uliokuwa umelala sakafuni. Spika hazikuwa zimeunganishwa. Sekunde zote kumi hapakuwa na sauti yoyote.

Alisogea mbele yake, wakatazamana. "Shemeji. Jibu ni sahihi. Lakini hapajalia kitu hapa."

"Amechungulia!" mtu alisema, akiinuka mbele yake. "Alijua tangu mwanzo ni santuri gani!"

Na kanuni ilikuwa wazi: anayechungulia majibu hutoka, wala harudi. Angeweza kusingizia kwamba alibahatisha. Angeweza kukubali kuitwa mdanganyifu na siri yake ibaki salama. Aliangalia kiti. Aliangalia muuguzi, ambaye tayari alikuwa anafuta machozi. Kisha akasimama.

"Sikuchungulia," alisema. "Sisikii. Sijasikia wimbo humu ndani kwa miaka miwili. Nilisoma."

"Umesoma nini?"

"Sahani."

Mwalimu wa hisabati haamini kitu ambacho hakijathibitishwa. Jumamosi iliyofuata alileta sahani kumi na mbili kutoka kwake, zote zimefunikwa katikati. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na meza, dirisha na lenzi. Bi Funguo alizichukua moja moja. Ya kwanza, sahihi. Ya pili, sahihi. Hadi ya kumi na moja, sahihi. Ya kumi na mbili aliigeuza mara nne. Watu wakaanza kunong'ona.

"Huyu hapigi gitaa," alisema hatimaye. "Wala haimbi. Anaongea. Anasema kidogo, ananyamaza, anasema kidogo, ananyamaza. Mwalimu, umeniletea mwalimu mwenzako?"

Ilikuwa santuri ya masomo ya hesabu kwa redio. Kilipozuka kicheko siku hiyo, binti yake anasema, mama aliweka mkono juu ya meza ili aupate mtetemo wake.

Ndipo shemeji, akiwa ameguswa kweli, alipotoa pendekezo. Kwamba kuanzia siku hiyo, mzunguko wa sekunde kumi ufutwe. Kwamba Bi Funguo akae kwenye kiti daima, kwa heshima, bila kushindaniwa. Wote wakapiga makofi.

Bi Funguo alisubiri mikono itulie. "Mkinipa kiti cha heshima, mmenifukuza," alisema. "Nataka kiti ninachoweza kunyang'anywa. Nikikosea, niambieni nimekosea, kama mlivyokuwa mkiniambia. Msinipunguzie hata nukta."

Hawakumpunguzia. Mzunguko wa sekunde kumi ulibaki, na ukaongezwa wa pili, wa kusoma sahani kwa macho, ambao aliwashinda wote kwa miaka mitatu mfululizo. Kabla ya hapo maswali yake yalikuwa tayari yamesambazwa kwenye kundi la simu la mashabiki wa roki, na yakafika kwetu hapa studioni. Yote mliyojibu katika miaka hii sita, yaliyowachekesha na yaliyowakasirisha, yalitungwa na mtu ambaye masikio yake yalikuwa yanamwacha au yamekwisha kumwacha. Hakutaka tuseme. Tumesema leo kwa ruhusa ya binti yake.

Mwaka huu ugonjwa wa figo ulimlaza. Kundi likahamia chumbani kwake, na kiti kikahamishwa pia. Wiki tatu kabla ya kufariki, alisaidiwa kuinuka kitandani akaketi kitini, akasoma swali lake kwenye daftari. Kidokezo cha kwanza: albamu yenye nyimbo tisa.

Vidokezo viwili vilivyofuata vilimwonyesha shemeji ni albamu ipi, akajua papo hapo kwamba pana kosa. Zilikuwa kumi. Muuguzi naye alijua. Alimtazama shemeji na kutikisa kichwa taratibu, kumwambia aache ipite. Kila mtu pale aliona jinsi mgonjwa alivyolishika daftari kwa mikono miwili ili lisianguke. Ingekuwa rahisi kuacha ipite.

Shemeji alisogea mbele yake ili aone midomo. Binti anasema baba yake mdogo aliyasema maneno yote polepole, moja moja. "Shemeji, nyimbo ni kumi. Swali lina kosa. Inuka."

Bi Funguo alihesabu kwa vidole, wimbo baada ya wimbo. Alifika kumi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu. "Niinue basi, Mwalimu, si unaona miguu yangu?" Shemeji akamwinua kwa mikono yake miwili, akamrudisha kitandani. Kisha akaketi kwenye kile kiti, akiwa analia waziwazi, mtu mzima, mbele ya watu.

"Ungeninyamazia," Bi Funguo alimwambia, "ningejua kwamba nimeshakufa."

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki kinatoa pole kwa binti yake, kwa shemeji yake, kwa muuguzi na kwa kundi zima la Jumamosi saa nne. Tunawapa pole pia ninyi mliomjua kwa maswali yake tu. Mungu ampumzishe.

Nasi tuliobaki tujitazame. Huenda nyumbani kwako yupo mtu ambaye mmeanza kumpunguzia. Mnajibu kwa niaba yake. Mnamkubalia kila analosema, mnaita huruma, na yeye anaona. Leo, redio ikishazimwa, kaa mbele yake. Muulize jambo gumu, mpe muda wa kujibu, na akikosea, mwambie.